Shajara ya mradi: kutoka lipu mbichi hadi kulala ndani

Wiki ya 10 kabla ya kuhama: lipu

Lipu imekamilika vyumba vyote na bafuni. Kinachofuata si rangi. Ni maji, kisha ni kungoja.

Lipu ya saruji humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7 hivi. Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kuunganika na maji polepole, na ikinyimwa maji hayo siku za mwanzo hubaki dhaifu. Dalili zake ni nyufa nyembamba zilizotapakaa ukutani na unga unaobaki kiganjani ukiupapasa. Ukuta wa namna hiyo hauponi kwa rangi. Skrubu hazishiki, na pazia likivutwa kwa nguvu reli inatoka na kipande cha lipu.

Umwagiliaji ukiisha, ukuta unaachwa wiki 4 ukauke. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia. Nyumba inaonekana imekwisha, mnakokaa bado mnalipa, fundi wa rangi yuko tayari na anahitaji kazi. Lakini lipu changa ina alkali kali, na alkali hiyo ikiwa bado na unyevu huila rangi kwa nyuma. Rangi ya mafuta hulainika na kunata, rangi ya maji hutoka mabaka yaliyopauka. Unyevu nao hutafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi hadi inafura na kubanduka. Anayepaka mapema hupaka mara mbili, na mara ya pili analipia pia kukwangua ya kwanza.

Kipimo cha kujua kama ukuta umekauka hakihitaji chombo. Kata kipande cha nailoni ngumu inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache saa 24. Ukikuta matone ndani yake, au ukuta ulio chini ya nailoni umekuwa mweusi kuliko unaouzunguka, bado. Pima sehemu zinazochelewa: karibu na sakafu, nyuma ya bafu, pembe isiyopigwa jua. Katikati ya ukuta wa sebuleni hukauka mapema na kukupa jibu la uongo.

Unga mweupe ukijitokeza ukutani ni chumvi inayobebwa na maji yanayotoka. Isuguliwe kwa brashi ngumu, kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani, na wiki inayofuata iko pale pale.

Madirisha yote yaachwe wazi mchana. Kuwasha jiko la mkaa ndani ili kuharakisha si njia: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na moto huo hukausha uso tu huku ndani ya ukuta kukiwa bado kubichi.

Wiki ya 9: vipimo

Wakati kuta zinakauka, kazi ni ya utepe wa kupimia na daftari moja. Daftari liwe moja tu, kwa sababu vipimo vilivyoandikwa kwenye vipande vya karatasi hupotea, na kila kinapopotea kimoja mtu anakisia.

Kwa kila chumba: urefu, upana, kimo hadi dari, mahali soketi zilipo, mlango unafungukia upande gani, dirisha linaanzia sentimita ngapi kutoka sakafuni. Mlango upimwe ukiwa wazi, kutoka uso wa ubao hadi fremu ya pili, maana unene wa ubao wenyewe hula nafasi. Mlango unaoitwa wa sentimita 80 mara nyingi hupitisha pungufu ya hapo.

Kabati la nguo ndilo linaloleta aibu siku ya kuhama. Watu hupima kimo chake, wanaona sentimita 210 na dari iko 215, wanaridhika. Lakini likiunganishwa likiwa limelazwa, haliwezi kusimama, kwa sababu linapoinuliwa hupita kwenye mshazari wake. Kabati la kimo cha 210 na kina cha 60 lina mshazari wa sentimita 218 na nusu hivi. Chini ya dari ya 215 litagonga na kukwama katikati ya safari. Dawa ni kuliunganisha likiwa wima, mbao moja baada ya nyingine, au kukubali kwamba haliendi.

Samani zilizopita kwenye mahesabu zinachorwa sakafuni kwa magazeti yaliyobandikwa, kwa ukubwa wake halisi. Kisha mtu atembee. Kati ya kitanda na ukuta acha angalau sentimita 60 ili anayetandika apite, na mbele ya droo acha nafasi ya droo iliyofunguliwa na ya mtu aliyeinama. Kisichotoshea kiuzwe au kigawiwe sasa. Kukilipia usafiri ili kikauziwe huko ni hasara mbili.

Daftari hilo hilo lifunguliwe ukurasa wa pili: orodha ya kungoja. Kila kitu ambacho mtu yeyote wa nyumbani anasema "tutahitaji" kinaandikwa hapo, pamoja na kazi kitakayofanya, kitu gani kilichopo kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa sasa, na tarehe. Hakuna kinachonunuliwa kutoka orodha hiyo mpaka mwezi mmoja uishe ndani ya nyumba mpya. Msimamo ni mkali na unastahili kuwa mkali, kwa sababu nyumba tupu humdanganya mtu: kila pembe inaonekana inadai kitu. Ukiishi humo ndipo unajua taa ya kusomea inatakiwa wapi, na kwamba rafu uliyoipigia hesabu ukutani ingezuia mlango.

Vinavyoruhusiwa kabla ya kuhama ni vichache: vitasa vipya vya milango ya nje (funguo za zamani zimepita mikono mingi wakati wa ujenzi), pazia la chumba cha kulala na la bafuni, mpira mpya wa gesi kama wa sasa umepita tarehe yake au umepasuka, na balbu.

Wiki ya 7: viti na mbao za zamani

Samani zote zinatengenezwa huku zikiwa bado kwenye nyumba ya sasa, nje, ili vumbi la msasa na harufu ya vanishi visihamie nyumba mpya.

Kwanza mbao zikaguliwe dumuzi. Matundu madogo ya mviringo si ushahidi tosha, yanaweza kuwa ya miaka mingi iliyopita. Weka kitambaa cheusi chini ya samani usiku kucha. Ukikuta unga laini wa mbao asubuhi, wadudu wako hai, na samani hiyo haiingii nyumba yenye fremu na makabati mapya hadi itibiwe.

Kiti kinachoyumba kina ugonjwa mmoja: gundi ya viungo imekufa. Kigeuze miguu juu na uandike herufi kwa penseli pande zote mbili za kila kiungo, A na A, B na B, kwa sababu miguu inayofanana kwa macho haifanani kwa milimita. Gonga viungo taratibu kwa nyundo ya mbao, huku umeweka kitambaa juu ya mbao, mpaka viachie. Kinachofuata ndicho kinachorukwa, na kurukwa kwake ndiko kunakofanya kiti kiyumbe tena baada ya miezi: gundi ya zamani ikwanguliwe kwenye ulimi (ncha ya mbao inayoingia kwenye kiungo) na ndani ya tundu hadi mbao yenyewe ionekane. Gundi mpya huingia kwenye nyuzi za mbao, haishiki juu ya gundi kuukuu.

Ulimi ukiwa umelika na unacheza ndani ya tundu, funika upande mmoja kwa taka nyembamba ya randa iliyopakwa gundi, uuingize tena. Paka gundi ya mbao pande zote mbili, unganisha, zungusha kamba mara mbili kwenye miguu minne, pitisha kijiti katikati ya kamba na uizungushe mpaka vitone vyembamba vya gundi vitokeze kwenye viungo. Vikitokeza, acha hapo. Ukikaza zaidi unaikamua gundi yote nje. Funga kijiti kisirudi nyuma, simamisha kiti juu ya sakafu iliyonyooka na uhakikishe miguu yote minne inagusa kabla gundi haijashika. Futa mabaki kwa kitambaa chenye unyevu, uache saa 24 bila mtu kukikalia.

Misumari haipigwi kwenye viungo. Inashika siku hiyo, halafu inaupasua ulimi, na kiti kilichopasuka ulimi ni kuni.

Meza na vibao hupigwa msasa kwa kufuata nyuzi za mbao: namba 80 kama kuna vanishi nene, kisha 120, kisha 180. Kukimbilia 180 moja kwa moja ni kumaliza karatasi bila kuondoa kitu. Vanishi ipakwe nyembamba mara mbili au tatu, maana ikipakwa nene mara moja hutiririka na kukaa ikinata kwa siku nyingi. Droo inayokwama haihitaji fundi. Sugua mshumaa kwenye kingo zake na kwenye njia yake.

Wiki ya 5: rangi

Nailoni imetoka kavu pande zote. Rangi inaanza.

Hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7: mzunguko ni mita 14, mara 2.7 ni mita za mraba 37.8. Toa mlango (0.9 kwa 2.1) na dirisha (1.5 kwa 1.2), inabaki 34 hivi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, kwenye ukuta laini. Mikono miwili ni lita 7. Mkono wa kwanza kabisa, ule uliochanganywa na maji, hunywewa zaidi, tuseme mita za mraba 8 kwa lita: lita 4 na kidogo za mchanganyiko, ambazo ndani yake rangi ni lita 3 na nusu. Jumla ni lita 10 na nusu kwa chumba hicho, bila dari. Bei ilinganishwe kwa lita na kwa eneo inalofunika, si kwa ndoo. Rangi iliyojaa chokaa inahitaji mikono minne na bado inaacha unga kwenye nguo za anayeegemea ukuta.

Nunua rangi yote ya chumba kwa pamoja, yenye namba moja ya toleo, na uyachanganye makopo yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza. Kopo lililonunuliwa baadaye, hata la jina lile lile, linaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana jua likipiga ukuta kwa ubavu.

Mkono wa kwanza kwenye lipu mpya huchanganywa na maji, kwa kawaida sehemu 1 ya maji kwa sehemu 4 za rangi, ingawa maelekezo ya kopo ndiyo yafuatwe. Sababu yake ni hii: lipu kavu hufyonza maji ya rangi kwa haraka sana. Rangi nzito hunyang'anywa maji kabla haijapenya, inabaki juu kama ngozi, na siku utakapobandua utepe wa gundi itatoka nao. Rangi nyepesi huingia ndani na kuwa mizizi ya mikono inayofuata. Kabla yake piga msasa mwepesi na ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa rangi iliyopakwa juu ya vumbi imeshika vumbi, haijashika ukuta.

Dari kwanza, kuta pili, fremu na milango mwisho. Kwenye ukuta, brashi ikipita kwenye pembe na kingo, rola ifuate pale pale kingo zikiwa bado mbichi. Ukizungusha brashi chumba kizima ndipo urudi na rola, utaona fremu ya kivuli kuzunguka kila ukuta. Kati ya mkono na mkono rangi ya maji hungojewa saa 2 hadi 4, na zaidi hewa ikiwa na unyevu. Ya mafuta ingoje hadi kesho yake. Brashi na rola za kuendelea kesho zifungwe kwenye mfuko wa nailoni bila hewa, hazihitaji kuoshwa kila jioni.

Panapobaki rangi ya zamani kwenye milango na fremu, tahadhari. Rangi kuukuu, hasa za mafuta, huweza kuwa na madini ya risasi. Zisipigwe msasa zikiwa kavu wala zisichomwe kwa moto. Zilowanishwe, zikwanguliwe, mabaki yakusanywe kwenye mfuko, na watoto na wajawazito wasiwepo.

Wiki ya 4: mapazia

Pazia hupimwa kutoka kwenye reli, si kutoka kwenye dirisha. Reli ikae sentimita 10 hadi 15 juu ya dirisha na ipite kila upande kwa 15 au 20, ili pazia likifunguliwa lisizuie mwanga uliolipia kwa kioo.

Reli ya sentimita 180 inataka kitambaa cha angalau mara mbili, yaani 360. Kitambaa cha upana wa 140 kitaingia vipande 3, kimoja na nusu kila upande, na ziada yake inamezwa na mapindo ya pembeni. Urefu wa pazia ukiwa 220, ongeza 15 ya pindo la chini na 10 ya juu: 245 mara 3 ni sentimita 735. Pamba husinyaa asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza, hivyo nunua mita 7 na sentimita 80, ukifue kitambaa na ukianike kabla ya mkasi kukigusa. Pazia lililoshonwa kabla ya kufuliwa hupanda, na hakuna pindo la kuliteremsha.

Ili mkato unyooke, chomoa uzi mmoja wa upana taratibu kutoka ukingoni hadi ukingoni. Utabaki mstari mwembamba wazi, na mkasi unaufuata. Ukikata kwa kufuata ukingo wa dukani, pazia litaning'inia likivuta upande.

Mapazia ya zamani yaliyo mafupi huongezwa utepe mpana wa kitambaa kingine chini, wenye uzito sawa au zaidi. Mashuka yaliyochakaa katikati lakini mazima pembeni yanakuwa bitana. Yaliyochakaa kabisa yakatwe vipande vya sentimita 30 kwa 30 vya kufutia, rangi moja kwa jikoni na nyingine kwa choo, visichanganyike kamwe.

Wiki ya 3: maji, umeme, na orodha ya kasoro

Kabla ya mtu kufungua bafu lolote, mabomba yasafishwe. Fungua vichujio vidogo vilivyo kwenye midomo ya koki, acha maji yaende kwa dakika kadhaa kila koki, ukianza iliyo karibu na tangi. Utaona mchanga, vipande vya plastiki ya bomba na nyuzi za utepe wa kuzibia. Vitu hivyo vikifika kwenye valvu ya choo au ndani ya koki mpya hukwaruza mipira, na koki inaanza kuvuja ikiwa na wiki chache. Koki ya bei hulindwa na kazi hii isiyo na gharama.

Uvujaji: funga koki zote, andika namba za mita ya maji, rudi baada ya saa 2. Namba ikisogea, kuna panapotoka. Choo ndicho mshukiwa wa kwanza. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, usivute maji, ungoje nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini haufungi. Koki inayodondoka ipimwe badala ya kudharauliwa: kikombe cha mililita 250 kikijaa kwa dakika 20, ni lita 18 kwa siku, zaidi ya lita 500 kwa mwezi. Mpira wa koki ni kitu kidogo sana mbele ya maji hayo.

Tangi la choo la zamani lenye ujazo mkubwa linaweza kuwekewa chupa ya nusu lita iliyojazwa maji, na kila mvuto utaokoa nusu lita. Tofali lisiwekwe, linamomonyoka na chembe zake huharibu mpira. Tangi jipya dogo liachwe lilivyo, likipunguzwa litavutwa mara mbili.

Bafuni, mwaga ndoo ya lita 10 kwenye kona ya mbali na uangalie. Maji yaende kwenye tundu yenyewe. Yakisimama, mteremko ni mbovu, na hilo litengenezwe sasa kabla ya fundi kulipwa salio. Gonga vigae kwa sarafu, kimoja kimoja. Sauti ya uwazi maana yake hakuna saruji ya kutosha chini yake, na kigae hicho kitapasuka siku ndoo iliyojaa itakapowekwa kwa kishindo. Kiwekewe alama ya utepe. Pale ukuta unapokutana na sakafu, palipojazwa saruji ya vigae patapasuka, kwa sababu nyuso mbili hucheza tofauti. Panatakiwa silikoni.

Harufu ya mtaro kwenye nyumba ambayo haijakaliwa mara nyingi haitokani na bomba bovu. Kona ya bomba chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu hushikilia maji yanayozuia hewa chafu, na maji hayo yamekauka. Mwaga lita moja kila tundu, ngoja saa moja, ndipo uamue kama kuna tatizo.

Umeme ni wa fundi umeme. Cha mwenye nyumba ni kuhakiki: chomeka taa ya mezani kila soketi, bonyeza kitufe cha majaribio cha swichi ya usalama (lazima izime mara moja), na uandike kwenye boksi la swichi kila moja inahudumia wapi. Balbu za zamani za wati 60 zinazowaka saa 5 kwa siku hula uniti 9 kwa mwezi kila moja. LED ya wati 9 yenye mwanga unaolingana hula 1.35. Hili ni moja ya manunuzi machache ambayo hayangoji.

Kasoro zote ziandikwe na chumba, mahali na tarehe, fundi apewe nakala, na sehemu ya malipo ibaki hadi zimalizike. Fundi mzuri hachukii jambo hili. Linamlinda naye dhidi ya madai yasiyoisha.

Wiki ya 2: vumbi la saruji

Vumbi hili halifagiliwi kavu. Ni laini, lina chembe za mchanga zinazodhuru mapafu, na fagio hulirusha hewani ili litue tena kuta zikiwa zimeshafutwa. Funga madirisha usiku mmoja litulie. Asubuhi fungua, vaa barakoa, anza juu: dari, feni, juu ya milango, kuta, madirisha, sakafu mwisho. Sakafuni tawanya taka za mbao zilizonyunyizwa maji kidogo, uzifagie polepole kuelekea mlangoni. Zinalibeba vumbi.

Kudeki ni kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia. Ukitumia moja, kuanzia chumba cha pili unapaka tope jembamba, na sakafu ikikauka inabaki na ukungu mweupe ule ule.

Ukungu wa saruji juu ya vigae vya kauri hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiachwa dakika chache na kusuguliwa kwa kitambaa, kisha kusuuzwa vizuri. Ngoja kama siku 10 tangu nafasi kati ya vigae zijazwe saruji, la sivyo siki italainisha ujazo wenyewe. Kwenye marumaru ya mawe, terazo au sakafu ya saruji isitumike kabisa: tindikali huyeyusha chokaa iliyomo na mng'ao hauwezi kurudi. Doa la rangi kwenye kioo lilowanishwe kwa maji ya sabuni kabla ya wembe, na wembe ulale. Saruji kwenye kioo isikwanguliwe ikiwa kavu, mchanga wake huchora.

Siki na magadi soda kila kimoja kina kazi yake. Magadi yaliyokorogwa na maji kidogo hung'oa mafuta jikoni, siki huondoa ukoga wa chumvi kwenye koki. Vikichanganywa pamoja hutoa povu la kupendeza na kuuana, unabaki na maji. Dawa yenye klorini ndiyo isiyochezewa: isikutane na siki, dawa ya choo yenye tindikali wala amonia. Hutoa gesi inayounguza mapafu, na bafu dogo lenye dirisha lililofungwa ndipo ajali hiyo hutokea.

Wiki ya mwisho: kufungasha

Maboksi yanaokotwa bure, lakini ya maduka ya vyakula yaachwe. Mende hutaga kwenye mikunjo ya ndani ya katoni na huhama nayo. Maboksi ya karatasi za ofisi ni madogo, imara na makavu, yanafaa vitabu. Boksi la vitabu lisizidi kilo 15, maana kubwa litapasuka chini kabla mgongo wa mbebaji haujalalamika.

Sahani hupangwa kwa kusimama ubavu, si kulala. Zikilala, uzito wote na kila mtikisiko wa barabara hubebwa na ya chini. Kati yake weka taulo, fulana na vitambaa vya kufutia, ambavyo vinahama hata hivyo. Bilauri zijazwe soksi. Nguo zisafiri ndani ya mashuka yaliyofungwa ncha nne na ndani ya ndoo na sufuria kubwa. Skrubu za kila samani ziingie mfuko mdogo ubandikwe kwenye samani yenyewe, mahali pasipoonekana. Andika ubavuni mwa boksi, kwa sababu juu kutafunikwa na boksi jingine: chumba, namba, na kwenye daftari kilichomo.

Kagua mishono ya godoro, chaga za kitanda na matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi vidogo ni dalili ya kunguni. Wamalizwe kabla ya gari kuja: vitambaa vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, kitanda kifunguliwe na kila ufa uoshwe kwa maji yanayochemka. Kuhama nao ni kuwapa nyumba mpya yenye sehemu nyingi za kujificha. Nyuma ya friji, karibu na mota, ndiko mende hupenda joto. Pafagiliwe.

Friji izimwe siku moja kabla, iyeyuke, ikaushwe, mlango uachwe umefunguka kidogo. Isafiri wima. Ikilazimu kulazwa, iachwe wima hadi saa 24 kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Mtungi wa gesi ufungwe, usimame, usisafiri ndani ya gari lililofungwa. Ukiunganishwa upya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Kiputo kinachokua ni gesi inayovuja.

Wiki ya 4 ndani ya nyumba

Boksi la kwanza kufunguliwa lilikuwa na mashuka, sabuni, sufuria moja, bisibisi, balbu na daftari. Maboksi matupu yametoka nje siku hiyo hiyo yaliyofunguliwa, kwa sababu ya mende.

Samani hazijasogezwa hadi kugusa kuta za nje. Zimeachiwa sentimita 5 za hewa. Lipu inaendelea kutoa unyevu kidogo kwa miezi, na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ndipo kuvu huanza. Madirisha yanafunguliwa pande mbili zinazotazamana baada ya kupika na kuoga.

Nyufa nyembamba zimejitokeza juu ya mlango wa sebule. Kila mwisho wa ufa umewekewa alama ya penseli na tarehe. Usiporefuka kwa miezi 3 utajazwa puti na kupakwa. Ukirefuka au ukiwa mpana kiasi cha kuingiza ukingo wa sarafu, anaitwa mtu wa kuangalia msingi.

Orodha ya kungoja imesomwa upya. Rafu ya jikoni imefutwa, kiti cha zamani kimesimama hapo na kinatosha. Kabati la viatu limefutwa. Taa ya kusomea imebaki, lakini imehamia upande wa pili wa chumba, karibu na soketi ambayo mwanzoni ilionekana haina kazi. Kapeti limesogezwa miezi 2 mbele, mpaka sakafu ipimwe kwa nailoni kama kuta.

Rangi iliyobaki imemiminwa kwenye mitungi midogo ya kioo iliyojaa hadi juu, maana hewa ndiyo huigandisha. Kila mtungi umeandikwa chumba, namba ya rangi na tarehe, na imewekwa mbali na jua. Yanayofuata kwenye daftari: kusoma mita ya maji tena, kukaza skrubu za bawaba zilizolegea mlango wa bafu, na silikoni ya sinki la jikoni, upande wa kushoto, ambako maji bado yanapita.